Gwaride na Ngoma: Historia ya Sikukuu za Taifa katika Kitui na Makueni

Ibara ya 9 ya Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, inazitaja sikukuu tatu za taifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Kwa zaidi ya nusu karne kila mojawapo ya sikukuu hizo ilikuwa na kitovu kimoja, nacho kilikuwa Nairobi, ambako Rais alikagua gwaride na kuhutubia taifa, huku wilaya nyingine zote zikiridhika na nakala ndogo ya sherehe hiyohiyo, bila Rais na mara nyingi bila jeshi. Historia ya sikukuu hizi kwa kawaida huandikwa kutoka jukwaa kuu la Nairobi. Ikitazamwa kutoka Kitui na Makueni, yaani pande za mashariki na kusini za Ukambani, nchi ya Wakamba, inachukua sura nyingine, kwa sababu watu wa huko waliisaidia Nairobi kuwa na gwaride na ngoma zake muda mrefu kabla Rais na jukwaa lake hawajawafuata nyumbani kwao.

Jambo moja la mipaka linafaa kuelezwa mapema. Kitui ilikuwa wilaya yake yenyewe tangu enzi za ukoloni, lakini Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, ilipomegwa na kupewa makao makuu yake mjini Wote. Kwa hiyo, mengi yanayosemwa hapa kuhusu Machakos kabla ya mwaka huo yanawahusu pia wakazi wa Mbooni, Kilungu, Kibwezi na Makindu, ambao walipaswa kusafiri hadi mji wa Machakos ikiwa walitaka kuiona sherehe ya wilaya kwa macho yao.

Sherehe za dola hazikuanza na uhuru. Serikali ya kikoloni iliadhimisha Siku ya Himaya tarehe 24 Mei, iliyokuwa siku ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, pamoja na siku za kutawazwa kwa wafalme, kama ile ya George wa Sita mwezi Mei 1937 na ile ya Elizabeth wa Pili mwezi Juni 1953. Katika makao makuu ya wilaya, siku hizi ziliendeshwa kwa mfumo wa baraza, yaani mkutano wa hadhara ulioitwa na ofisa wa serikali, ambapo machifu walipanga watu wao, wanafunzi wa shule za misheni waliimba, polisi walipiga saluti mbele ya bendera, na mkuu wa wilaya, aliyejulikana zaidi kama Disii, alisoma ujumbe uliotoka mbali. Mpangilio huu wa bendera, gwaride, ujumbe unaosomwa kwa niaba ya mtu asiyekuwepo, kisha burudani, ulirithiwa na serikali huru karibu bila kubadilishwa. Kilichobadilika ni bendera na jina la mwenye ujumbe.

Burudani ndiyo sehemu iliyokuwa na historia tata zaidi. Ngoma za Wakamba hazikuwa mchezo tu. Kilumi, ngoma inayoongozwa na wanawake wazee kwa midundo mizito ya magoma makubwa, ilichezwa kwa ajili ya kuwatuliza pepo na kuomba mvua, na ilikuwa na uhusiano wa karibu na ithembo, yaani mahali patakatifu penye miti ambapo wazee walitoa sadaka. Serikali changa ya kikoloni iliiogopa nguvu hiyo. Mwaka 1911 vuguvugu la ngoma na kupagawa lilienea Ukambani, likihusishwa na Siotune wa Kathuke na mwenzake Kiamba, na maofisa, waliosikia ndani yake wito wa kuukataa utawala wa Wazungu, waliwakamata viongozi hao na kuwapeleka uhamishoni mbali na nyumbani. Inafaa kukumbuka tukio hilo kila wacheza ngoma wanapoitwa uwanjani kuwafurahisha wageni wa heshima, kwani dola iliyowahi kuitazama ngoma kama uasi ndiyo iliyokuja kuiweka kwenye ratiba, kati ya sala na hotuba, ikiwa na dakika zake maalumu.

Kati ya hofu hiyo na mwaliko huo kulipita vita viwili vya dunia. Wanaume wa Kitui na Machakos walichukuliwa kwa wingi katika Vita vya Kwanza, wengi wao wakiwa wapagazi wa jeshi waliobeba mizigo hadi Afrika Mashariki ya Wajerumani, na katika Vita vya Pili Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi wa Kenya kwa jeshi la King's African Rifles, lililofahamika Afrika Mashariki kwa jina la Kea. Waingereza walijenga nadharia kwamba Mkamba ni askari kwa asili, nadharia iliyowafaa wao kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa vijana wa Ukambani nao waliitumia kwa manufaa yao, kwa kuwa mshahara wa jeshi ulinunua ng'ombe na kulipa mahari katika nchi ambayo ukame ungeweza kuimaliza mifugo ya ukoo mzima kwa msimu mmoja. Askari hao walirudi nyumbani na hatua za gwaride miguuni mwao. Beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, pamoja na vyeo vyake vya kubuni na mavazi ya kiaskari, ilisafiri bara pamoja na wapagazi na wanajeshi. Ukambani iliitwa mbeni, ikachanganywa na mirukio ya hewani ambayo wachezaji wa Kikamba walisifika kwayo. Kwa hiyo, mtazamaji aliyedhani kwamba gwaride ni la kisasa na ngoma ni ya kale, na kwamba sikukuu imeziweka pamoja kwa bahati tu, alikosea, maana zilikuwa zimekwisha kuzaa mtoto kabla ya uhuru.

Kulikuwa pia na matembezi ya aina nyingine kuelekea Nairobi. Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza mifugo ya Ukambani kwa nguvu, kwa madai kwamba ng'ombe walikuwa wengi mno na udongo ulikuwa ukimomonyoka, na wanyama waliotwaliwa waliuzwa kwa bei ya chini, wengi wakiishia katika kiwanda cha nyama cha Liebig kilichofunguliwa Athi River. Muindi Mbingu, kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association, aliwaongoza maelfu ya wanaume, wanawake na watoto kwenda Nairobi kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham, wakapiga kambi jijini kwa wiki kadhaa wakisubiri kusikilizwa. Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha, mpango wa kuwanyang'anya watu mifugo uliachwa. Mkusanyiko huo haukuwa sikukuu, wala haukuwa na bendi. Hata hivyo, ulikuwa mara ya kwanza kwa umati mkubwa wa Wakamba kuingia katika mji mkuu si kwa kuitwa na serikali bali kwa kuidai serikali kitu, na barabara inayopita kando ya soko la jiji, iliyopewa jina la Muindi Mbingu baada ya uhuru, ni kumbukumbu inayostahili zaidi ya kubaki anwani ya maduka.

Sikukuu ya Oktoba ina mizizi yake katika usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari na polisi wakaanza kuwakamata viongozi wa Kenya African Union. Kati ya sita walioshtakiwa Kapenguria, ambao ni Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Achieng' Oneko na Paul Ngei, huyu wa mwisho alikuwa Mkamba wa Kangundo, aliyewahi kuwa askari. Kifungo chake kiliwapa watu wa Ukambani dai la moja kwa moja katika kumbukumbu ya siku hiyo. Dai hilo lilihitajika, kwa sababu katika miaka ya uasi wa Mau Mau serikali ya kikoloni ilifanya kila juhudi kuwatenga Wakamba na Wakikuyu, ikielekeza fedha za maendeleo Ukambani na kuutukuza utii wa askari wake, hata ikaonekana baadaye kana kwamba eneo zima lilikaa pembeni. Picha hiyo haikuwa kweli, kwani walikuwepo Wakamba waliokula kiapo na waliowekwa kizuizini, na sikukuu hiyo ya Oktoba ilikuwa mojawapo ya nafasi chache za kulisema jambo hilo hadharani.

Siku ya Madaraka ya kwanza, tarehe 1 Juni 1963, iliikuta Ukambani katika hali ambayo vitabu vya shule hupita juu yake kwa haraka. Ngei alikuwa amejitenga na KANU, chama cha Kenyatta, mwaka uliotangulia na kuunda African People's Party, chama ambacho kiliishinda KANU katika sehemu kubwa ya Ukambani katika uchaguzi wa Mei 1963. Hivyo, Kenyatta alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu, wapiga kura wengi wa eneo hilo walikuwa wamechagua upinzani, ijapokuwa Kitui ilikuwa na mtu wake katika baraza la mawaziri, Eliud Ngala Mwendwa, aliyepewa wizara ya kazi. Mwezi Septemba Ngei alirejea KANU pamoja na wabunge wake, na ilipofika tarehe 12 Desemba hapakuwa tena na mpasuko wa kuonekana. Ikumbukwe pia kwamba uhuru uliwafika watu waliotoka katika njaa ya mwaka 1961, mwaka ambao ukame ulifuatwa na mafuriko na chakula cha msaada kikaangushwa na ndege mahali ambapo barabara zilikuwa zimekatika. Kwa mkulima wa Kitui, ahadi ya serikali mpya ilipimwa kwa ghala kabla ya kupimwa kwa bendera.

Bendera yenyewe, hata hivyo, ilimhitaji Mkamba. Usiku ule ambapo ile ya Uingereza iliteremshwa Nairobi katika uwanja ambao leo ni Uhuru Gardens, mbele ya Mwanamfalme Philip, mpandamlima Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya, kwenye baridi kali. Miaka 114 kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 1849, Mjerumani Ludwig Krapf aliuona mlima huo kwa mara ya kwanza akiwa Kitui, akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi wa Mwendwa, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu iliunganisha Ukambani na Mombasa. Munyao aliishi miaka mingi bila mali na akafariki mwaka 2007, baada ya picha yake ya usiku ule kuwa imetumika kwa miongo mingi na watu waliomsahau mwenye sura hiyo.

Baada ya mwaka 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, mtindo wa sikukuu ulitulia. Vikosi vya Kea vya Kenya vilikuwa vimegeuzwa kuwa Kenya Rifles, na gwaride la kupitisha bendera ya kikosi, lililoachwa na Waingereza, likawa kilele cha Siku ya Jamhuri. Juu ya jukwaa la Nairobi walionekana majenerali kutoka Ukambani: Joseph Ndolo, aliyekuwa mkuu wa majeshi hadi alipoondolewa mwaka 1971, na Jackson Mulinge, aliyeshika wadhifa wa mkuu wa majeshi kuanzia 1978 hadi 1986. Mwaka uleule wa 1971, Kitili Mwendwa wa Kitui, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, alijiuzulu baada ya jina lake kuhusishwa na njama ya mapinduzi. Sikukuu za mwaka huo na uliofuata zilisherehekewa Kitui kama kawaida, angalau kwa nje.

Katika wilaya, utaratibu ulijulikana kwa kila mtoto wa shule. Asubuhi watu walikusanyika katika uwanja wa mji, askari wa utawala na wa polisi walipita kwa hatua, shule zilishindana kwa nyimbo, vikundi vya mwethya viliimba na kucheza, kisha Disii akasimama kusoma hotuba ya Rais, ileile iliyokuwa ikisomwa saa hiyohiyo katika kila wilaya ya nchi na ambayo wenye redio walikuwa wakiisikia kutoka Nairobi kwa sauti ya Rais mwenyewe. Mwethya ni ushirika wa kazi wa Wakamba, ambapo majirani hulima au kujenga kwa zamu, na katika vilima vya Machakos na Makueni ndio uliochimba sehemu kubwa ya matuta ya kuzuia udongo. Wanawake wa mwethya ndio hasa waliobeba sikukuu za wilaya. Walikuwa na sare zao za vitambaa, nyimbo walizotunga wenyewe, na uhodari wa kupenyeza ombi la maji au la daraja katikati ya ubeti wa sifa, jambo lililowafanya maofisa wasikilize kwa makini kuliko walivyosikiliza hotuba waliyotumwa kuisoma.

Tatizo lililodumu zaidi halikuwa la siasa bali la kalenda. Ukambani hutegemea zaidi mvua za vuli, ziitwazo nthwa kwa Kikamba, ambazo huanza kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba na kumwagika zaidi Novemba, kuliko mvua za masika, ambazo katika maeneo makavu ya Kitui na ya kusini mwa Makueni haziaminiki. Tarehe 20 Oktoba huangukia siku ambazo mkulima hupanda mbegu kavu ardhini au huyatayarisha mashamba akiangalia mawingu, na tarehe 12 Desemba huangukia wakati wa palizi. Ni Madaraka peke yake, mwezi Juni, inayowakuta watu wakiwa na nafasi, nayo mara nyingi huja baada ya masika kuwaangusha. Sikukuu za taifa zilipangwa kwa kumbukumbu za kukamatwa na kukabidhiwa madaraka, si kwa majira ya mtama na mbaazi, na kwa hiyo chifu wa Mutomo au wa Kathonzweni aliyetakiwa kujaza uwanja mwezi Oktoba alikuwa na kazi ngumu kuliko mwenzake wa nyanda za juu.

Siku ya Kenyatta, kama ilivyoitwa tarehe 20 Oktoba kwa miongo minne na zaidi, ilibadilishwa jina na Katiba ya 2010 ikawa Mashujaa, tarehe ikibaki palepale. Mabadiliko ya namna hii si ya Kenya pekee. Nchini Hungaria, tarehe 20 Agosti ilikuwa kwa karne nyingi siku ya Mfalme Stefano, mwanzilishi wa ufalme huo aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1083. Serikali ya kikomunisti, isiyotaka mtakatifu wala mfalme, iliipa katiba yake ya mwaka 1949 nguvu kuanzia tarehe hiyohiyo na kuifanya kuwa siku ya katiba na ya mkate mpya, kisha baada ya utawala huo kuanguka siku ikarudishwa kwa Stefano, na jijini Budapest maandamano ya kidini na fataki juu ya mto Danube vikashika nafasi yake. Wahungaria wana pia tarehe 23 Oktoba, kumbukumbu ya maasi ya mwaka 1956, ambayo ilikuwa marufuku kuitaja hadharani hadi jamhuri mpya ilipotangazwa siku hiyohiyo mwaka 1989. Watawala katika nchi zote mbili walitambua kwamba ni rahisi kubadili maana ya siku ambayo watu wamekwisha kuizoea kuliko kuwazoesha siku mpya. Tofauti ni kwamba Hungaria iliendelea kuukusanya umma wake katika mji mkuu, ilhali Kenya ilianza kuitembeza sherehe.

Uamuzi wa kuzitoa sherehe Nairobi na kuzipeleka kaunti mbalimbali ulianza kutekelezwa mwaka 2016, miaka mitatu baada ya kaunti kuundwa, Madaraka ilipofanyika Nakuru na Mashujaa mjini Machakos. Ukambani ilipata hivyo sherehe yake ya kwanza ya kitaifa, lakini Machakos ni mji ulio karibu sana na Nairobi hivi kwamba baadhi ya wageni walirudi jijini kabla ya jua kutua. Kitui ilisubiri hadi tarehe 20 Oktoba 2025, katika uwanja wa Ithookwe, nje kidogo ya mji, na kwa kaunti ambayo reli ya Uganda iliipita mbali, ikipendelea kukatiza Mtito Andei, Kibwezi na Makindu upande wa Makueni, ujio wa dola nzima ulikuwa na uzito usioelezeka kwa takwimu za ujenzi. Siku yenyewe ilitawaliwa na msiba. Waziri Mkuu wa zamani Raila Odinga alikuwa amefariki nchini India tarehe 15 Oktoba na kuzikwa Bondo tarehe 19, na kesho yake, mbele ya umati wa Kitui, Rais William Ruto alimtunuku nishani ya Moyo wa Dhahabu ya daraja la juu kabisa. Mashujaa wa Ukambani, kuanzia nabii wa kike Syokimau hadi Muindi na Ngei, walilazimika kugawana siku yao na marehemu mmoja, na hilo halikuwa geni kwa sikukuu ambayo kwa miongo minne ilikuwa imeitwa kwa jina la mtu mmoja.

Makueni haikuwa imepata zamu yake hadi mwaka huo. Katika kaunti ambazo hazijapangiwa sherehe ya kitaifa, utaratibu wa zamani unaendelea kwa marekebisho madogo: mahali pa Disii pamechukuliwa na kamishna wa kaunti, anayewakilisha serikali kuu, na gavana aliyechaguliwa na wananchi hukaa kando yake jukwaani, akiwa na kura nyingi lakini bila hotuba ya Rais. Nani atangulie kuzungumza, na kwa dakika ngapi, ni swali linalojadiliwa kila Oktoba katika kamati za maandalizi, wakati wakulima wa Wote na Kibwezi wanapoyatazama mawingu ya nthwa yakijikusanya.